Buti la Mbele Lingebeba Nini Mbulu na Hanang?

Gari la abiria linaloondoka Mbulu mjini kwenda Arusha hupakiwa kuanzia juu. Keria hutangulia: magunia, godoro lililokunjwa, ndoo zilizokazwa kwa kamba za mpira, na msimu ukifika, vitunguu saumu vya Bashay. Hufuata buti la nyuma, kisha uvungu wa viti, kisha magoti ya abiria. Sehemu moja tu haiguswi na utingo hata gari lijae namna gani, nayo ni chini ya boneti. Humo mna injini, na injini ina joto lake, mafuta yake na mikanda yake inayozunguka.

Gari la umeme limekuja na habari nyingine. Mota yake ni ndogo, inatosha kukaa kati ya magurudumu mawili. Betri imelazwa chini ya sakafu. Kwenye magari mengi ya aina hii, ukiinua boneti unakuta beseni safi la plastiki, kavu, lisilo na tone la oili. Hilo ndilo buti la mbele. Watengenezaji hulitia kwenye matangazo, na mwenye gari jipya hupenda kulifungua mbele ya jamaa na majirani. Siku za kushangaa zikiisha, hubaki swali la kawaida kabisa: je, kuna anayeweka kitu humo?

Swali hilo huulizwa sana Marekani na Ulaya, ambako magari ya umeme yamekuwa mengi. Linafaa kuulizwa pia kutokea Mbulu na Hanang, ambako safari bila mzigo ni nadra na barabara humpima dereva kila msimu. Na likiulizwa kutokea huku, jibu lake huwa wazi zaidi. Buti la mbele hutumika pale linapopewa mzigo ambao buti la nyuma haliutaki. Likikosa mzigo wa namna hiyo, hukaa tupu, liwe kubwa au dogo.

Ukubwa wenyewe unatofautiana mno. Vitabu vya watengenezaji huutaja kwa lita, lakini kipimo cha debe, ambalo huchukua kama lita 20, kitamsaidia msomaji zaidi. Hyundai Ioniq 5 yenye mota ya nyuma peke yake ina buti la mbele la lita 57, yaani pungufu kidogo ya madebe matatu. Ioniq 5 hiyo hiyo ikiwekewa mota ya pili mbele ili ivute kwa magurudumu yote manne, nafasi inashuka hadi lita 24: debe moja na kikombe juu yake. Tesla Model Y ina lita 117, karibu madebe sita, na madebe sita ndiyo gunia la mahindi kama wakulima wengi wanavyolihesabu. Pikapu ya Ford F-150 Lightning, iliyoanza kufika kwa wanunuzi Marekani mwaka 2022, ina lita 400. Hayo ni madebe 20.

Hapa ndipo mnunuzi anapohitaji kusimama kidogo. Madebe 20 ni zaidi ya magunia matatu kwa ujazo, lakini Ford wameweka kikomo cha uzito cha pauni 400, kama kilo 181. Magunia mawili ya kilo mia mia tayari yamekizidi kikomo hicho, nafasi ikiwa bado ipo. Anayejua ugomvi wa miaka mingi kati ya wakulima, wafanyabiashara na Wakala wa Vipimo kuhusu lumbesa anaelewa haraka kwamba ujazo ni kitu kimoja na uzito ni kingine. Buti la mbele limekaa mbele ya ekseli au juu yake, mahali ambapo bodi imetengenezwa ijikunje gari likigonga ili watu walio ndani wapone. Halikusukwa kubeba kama bodi ya Fuso.

Kwa nini basi magari mengine hayana kabisa nafasi hiyo? Kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni mahali pa mota: gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hubeba mota yake mbele, na juu ya mota hupangwa kifaa cha kugeuza umeme, chaja ya ndani, kompresa ya kiyoyozi na betri ndogo ya volti 12. Ya pili ni uamuzi wa mtengenezaji juu ya nani apewe nafasi. Volkswagen ID.3 na ID.4 husukumwa na mota ya nyuma, na bado hazina buti la mbele, kwa kuwa baadhi ya vifaa hivyo vimepangwa chini ya boneti. Mercedes-Benz walikwenda mbali zaidi kwenye EQS: mwenye gari hatakiwi hata kuifungua boneti, kazi hiyo ni ya fundi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Nissan Leaf. Gari hili liliingia sokoni Desemba 2010 likiwa na betri ya uniti 24, kwa maana ya uniti zile zile za LUKU. Chaja yake ya ndani ilikaa nyuma, karibu na viti vya abiria, ikila sehemu ya buti. Mwaka 2013 Nissan waliihamisha chaja hiyo wakaipeleka mbele, chini ya boneti, na buti la nyuma la magari yaliyouzwa Ulaya likaongezeka kutoka lita 330 hadi 370. Madebe mawili yalipatikana nyuma kwa kuufunga mlango wa mbele. Nafasi ndani ya gari haizaliwi. Hutolewa sehemu moja ikapewa nyingine, na kila mtengenezaji ana jibu lake kuhusu wapi mwenye gari ataihitaji zaidi.

Jambo hili lina uzito kwa Tanzania, kwa sababu magari mengi ya watu binafsi huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Mtu wa Katesh, Hanang, atakayenunua gari la umeme kwa njia hiyo hiyo aliyonunulia Noah au Probox atakutana na Leaf mapema kuliko Tesla. Nairobi ilikwisha kupita njia hiyo. Teksi za NopeaRide, zilizoendeshwa na kampuni ya EkoRent kutoka Ufini kuanzia mwaka 2018, zilitumia Leaf kubeba abiria mjini humo hadi huduma ilipofungwa mwishoni mwa 2022. Mizigo ya abiria wao ilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, buti la nyuma. Biashara ya teksi ilifanyika miaka hiyo yote bila buti la mbele, na hakuna dalili kwamba kukosekana kwake ndiko kulikoifunga.

Ila Nairobi ni lami, na abiria wa teksi hubeba sanduku la nguo.

Barabara za Mbulu zina tabia nyingine. Kutoka Mbuyu wa Mjerumani, kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Babati, njia inakata bonde, inapita Magara, halafu inaupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona zinazobana hadi kwenye ubaridi wa Mbulu. Upande mwingine kuna njia ya Karatu, na kusini kuna njia ya Dongobesh hadi Haydom. Hanang ina lami nzuri ya Babati hadi Singida inayopita Katesh chini ya mlima, lakini ukiiacha lami hiyo kuelekea Basotu, kwenye mashamba ya ngano, kiangazi unaogelea katika vumbi na masika unapambana na udongo mweusi unaonasa tairi. Mizigo nayo si ya sanduku: vitunguu saumu, ndoo za asali, kuku hai, maziwa, samaki walionunuliwa Ziwa Babati wakati wa kurudi, mbegu, mbolea, dawa ya mifugo ya kuogeshea.

Orodha hiyo ndiyo hoja kubwa kabisa ya kulitetea buti la mbele. Kitunguu saumu hakihitaji mtetezi: anayekijua anajua kwamba gunia moja likisafiri ndani ya gari lililofungwa vioo, harufu hubaki kwenye vitambaa vya viti muda mrefu baada ya gunia kushushwa. Buti la nyuma la magari mengi madogo limetenganishwa na abiria kwa mgongo wa kiti na kifuniko chepesi tu, hivyo hewa ni moja. Buti la mbele liko nje ya chumba cha abiria kabisa. Ukuta wa chuma umesimama kati yake na miguu ya dereva. Samaki, dawa ya mifugo, mbolea, viatu vyenye tope, dumu lililovuja, vyote hivyo ni vitu ambavyo mtu mwenye akili hapendi kupumua hewa moja navyo kutoka Babati hadi Haydom.

Watengenezaji wachache wameliona hilo. Beseni la mbele la Ford Mustang Mach-E na la F-150 Lightning lina tundu la kutolea maji chini, kwa hiyo unaweza kulijaza barafu na vinywaji, kisha ukalisuuza kwa ndoo ya maji na kuondoka. F-150 imeongezewa soketi nne za umeme humo humo, zenye uwezo wa jumla wa kilowati 2.4. Kwa Mmarekani, matangazo yanaonyesha sherehe nje ya uwanja wa mpira. Kwa mtu wa Mbulu, tundu hilo la maji lina thamani kuliko soketi zote nne. Beseni lisilo na tundu, likimwagikiwa na maji ya samaki, husafishwa kwa kitambaa na subira.

Kuku hai ni habari tofauti, na hapa lazima msimamo uwe mkali. Beseni la mbele halikutengenezwa kupitisha hewa, na kiumbe kinachopumua hakitakiwi humo, awe kuku, mbuzi au, Mungu aepushie mbali, mtoto anayecheza kujificha. Tesla huweka ndani ya buti lao la mbele kitufe kinachong'aa gizani ili mtu aliyefungiwa aweze kujifungulia. Anayenunua gari la umeme akiwa na watoto nyumbani akitafute kitufe hicho kabla ya kuuliza bei.

Kabla ya kuendelea inafaa kukumbuka kwamba buti la mbele si kitu kigeni Afrika Mashariki. Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, ilikuwa na injini nyuma na buti mbele, na gari hilo lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na matope yasiyo na huruma. Injini yake ilipozwa kwa hewa, haikuhitaji rejeta wala maji, na uzito wake ulikandamiza magurudumu yale yale yaliyosukuma gari. Ndiyo maana iliweza kupanda palipoteleza. Mbele, chini ya kifuniko, kulikuwa na tangi la mafuta, tairi la akiba, jeki, na nafasi ya begi moja au mawili. Kwa miaka mingi hata kujaza petroli kulihitaji kuinua kifuniko hicho. Mwenye Beetle hakuuliza kama atalitumia buti la mbele, maana lilikuwa na kazi kila siku.

Ndugu yake wa mbio, Porsche 911, alifunza somo lingine. Injini ikikaa nyuma, pua ya gari huwa nyepesi na usukani hulegea kwa mwendo mkali. Mafundi wa Porsche, katika 911 za miaka ya mwanzo, walifikia hatua ya kuficha vipande vya chuma vya kilo 11 kila kimoja kwenye kona za bampa la mbele ili kuituliza pua hiyo. Kwa magari ya namna ile mzigo wa mbele ulikuwa sehemu ya uimara wa safari. Gari la umeme halina shida hiyo. Betri yake ya mamia ya kilo imelala chini katikati ya ekseli mbili, na kilo 20 za vitunguu puani hazibadilishi mwenendo wake kwa kiasi ambacho dereva atakihisi. Mwairaqw wa Mbulu anayempakia punda huhakikisha kwanza upande wa kulia na wa kushoto vinalingana. Kwenye gari la umeme kazi hiyo imekwisha kufanywa kiwandani.

Tairi la akiba ndilo lililopotea kati ya Beetle na magari ya leo, na upotevu huo unaumiza zaidi kwenye changarawe kuliko mahali popote. Magari mengi ya umeme, Tesla na Ioniq 5 yakiwemo, huuzwa bila tairi la akiba. Mnunuzi hupewa pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba tundu. Dawa hiyo huziba tundu la msumari. Haiwezi kuziba tairi lililochanwa ubavuni na jiwe kali kwenye njia ya Basotu. Dereva makini wa huku atanunua tairi la akiba, na kwa kuwa halienei mbele, litalala kwenye buti la nyuma na kula nusu ya nafasi. Hapo hesabu inageuka. Buti la mbele ambalo mkazi wa jiji la Ulaya hulisahau linakuwa ndiyo nafasi pekee iliyobaki kwa jeki, spana, kamba ya kuvutia, jembe la kuchimbulia tope na turubai. Yote hayo ni machafu, yote ni ya dharura, na yote yanataka kufikiwa bila kushusha magunia kwanza.

Kitu kingine kitakachosafiri humo bila kukosa ni waya wa kuchajia. Kituo cha kuchaji kwa haraka si kitu cha kutegemea kati ya Mbulu na Haydom, kwa hiyo msafiri hubeba waya wake mwenyewe wa kuchomeka kwenye soketi ya ukutani. Soketi ya kawaida ikitoa ampea 10 kwa volti 230, inapitisha kilowati 2.3, na Leaf ya betri ya uniti 24 iliyokaribia kuisha italazwa hapo zaidi ya saa kumi. Waya huo ni mnene, hukusanya vumbi na unyevu chini, na hutolewa kila usiku wa safari. Ukiwa nyuma chini ya mzigo, kila kituo cha kulala kinakuwa kazi ya kupakua na kupakia upya. Ukiwa mbele, unainua boneti na kuuchukua. Kati ya matumizi yote yanayotajwa duniani, hili ndilo lenye mantiki iliyonyooka zaidi, na ndilo linalofanya hata beseni dogo la lita 24 listahili kuwepo.

Mzigo wowote, uwe mbele au nyuma, una gharama yake kwenye mlima, na kwa umeme gharama hiyo inahesabika. Chini ya Magara, bonde la Ziwa Manyara liko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mbulu iko juu yake kwa mita mia saba na zaidi. Tuseme gari lenye tani mbili pamoja na watu wake linapanda mita 750. Kazi ya kuunyanyua uzito huo peke yake, bila kuhesabu msuguano wa tairi na upepo, ni takriban uniti 4. Kwa Leaf ya uniti 24 hiyo ni moja ya sita ya betri iliyojaa na mpya. Betri iliyozeeka Japani kabla ya kuvuka bahari itaona mlima huo mrefu zaidi. Lakini kila kilo 100 za nyongeza huongeza kama uniti 0.2 tu. Maana yake ni kwamba gunia moja la ziada haliwezi kumkwamisha dereva. Mlima wenyewe na uchovu wa betri ndivyo vinavyoweza.

Kurudi chini ni faida. Mota hugeuka kuwa jenereta, inalishika gari na kurudisha sehemu ya nishati ile kwenye betri, huku breki zikipumzika. Isipokuwa kwa dereva aliyechaji hadi asilimia 100 Mbulu mjini asubuhi ile ile: betri iliyojaa haipokei tena, na kona za kwanza za Magara zitashukwa kwa breki za kawaida. Afadhali kuondoka juu betri ikiwa na nafasi kidogo.

Sasa kuna upande ambao matangazo hayausemi. Boneti inayofunguliwa mara kwa mara ni boneti ambayo kufuli lake linachoka mara kwa mara. Mwishoni mwa Desemba 2021 Tesla iliita kwa marekebisho magari 119,009 ya Model S nchini Marekani kwa sababu komeo la buti la mbele lingeweza kufunguka gari likitembea na boneti ikainuka mbele ya macho ya dereva. Julai 2024 kampuni hiyo hiyo iliita magari takriban milioni 1.85 kwa kosa jingine: mfumo ungeweza kushindwa kutambua kwamba boneti haijafungwa, na marekebisho yalifanywa kwa kutuma programu mpya. Hayo yalitokea kwenye nchi ya barabara laini. Barabara yenye mawimbi madogo madogo, ile inayotikisa meno, hutikisa pia komeo, na vumbi laini huingia kwenye chemchemi yake. Kwenye buti la nyuma komeo likiachia, mzigo humwagika njiani. Kwenye buti la mbele likiachia, dereva haoni barabara.

Kwa hiyo anayelitumia buti la mbele Hanang ana kazi mbili za ziada: kupangusa komeo na mpira wa ukingoni kila anapoosha gari, na kuisukuma boneti kwa viganja viwili karibu na komeo badala ya kuiachia ijibamize. Mpira wa ukingoni ndio unaozuia vumbi. Kwenye magari yaliyotumika mpira huo huwa umekauka, na mtu atalijua hilo siku atakapokuta unga mwekundu juu ya waya wake wa kuchajia.

Namna ya kufungua nayo huamua mengi kuhusu matumizi. Kwenye F-150 Lightning mtu hubonyeza kitufe na boneti yote huinuka yenyewe, ikiacha mdomo mpana ulio wazi mbele. Kwenye Ioniq 5 unavuta mkono ulio miguuni mwa dereva, unazunguka hadi mbele, unaingiza vidole chini ya boneti kuitafuta ndoano, kisha unainua, vile vile kama gari la petroli. Mtu mwenye mikono iliyojaa vitu vya sokoni hafanyi hivyo mara mbili. Beseni la namna hiyo hupewa vitu vya kukaa: kisanduku cha huduma ya kwanza, pembetatu ya tahadhari, waya wa akiba. Anayesema halitumii mara nyingi anasahau kwamba vitu hivyo vimo humo tangu siku ya kwanza.

Kufungua kwa umeme kuna mtego wake pia. Boneti ya Tesla Model 3 na Model Y hutegemea ile betri ndogo ya umeme wa chini, si betri kubwa ya kuendeshea. Ikiisha, boneti haifunguki, na betri yenyewe ya kufufuliwa iko chini ya boneti hiyo hiyo. Watengenezaji wameacha nyaya mbili ndogo nyuma ya kifuniko cha ndoano ya kuvutia, kwenye bampa la mbele. Mtu huunganisha hapo betri ya nje na komeo huachia. Dereva anayekwenda Yaeda Chini anapaswa kulijua hilo kabla hajaondoka nyumbani, na vifaa vya kuamshia betri asivifungie mbele.

Kuna njia nyingine ambayo gari la umeme limeingilia kaskazini mwa Tanzania, nayo inatoa jibu tofauti kabisa. Mwaka 2018 Mount Kilimanjaro Safari Club, kwa ushirikiano na kampuni ya Kifaransa ya Carwatt, ilianza kutumia Serengeti magari ya utalii yaliyobadilishwa kuwa ya umeme. Barabara ya watalii hupita Karatu, hatua chache kutoka njia panda ya Mbulu, na Land Cruiser ndilo gari la kila kazi eneo hili lote: utalii, wagonjwa wa hospitali ya Haydom, mikutano ya halmashauri. Gari hilo limejengwa juu ya fremu ndefu ya ngazi na halina sakafu pana tambarare ya kulazia betri kama magari yaliyobuniwa kwa umeme tangu mwanzo. Injini ya dizeli ikitolewa, shimo kubwa inaloliacha chini ya boneti ndilo la kwanza fundi analolitazama kama nyumba ya betri na vifaa vya umeme. Mwenye Land Cruiser iliyobadilishwa asitarajie beseni la plastiki. Ameshapewa kilomita za kutembea mahali pake, na kwa kazi ya gari lile mpango huo ni wa haki.

Magari madogo ya mizigo nayo yamekwisha kuamua. Kirikuu ya petroli, ile Suzuki Carry inayozunguka minadani, ina injini chini ya viti na pua fupi isiyo na kitu. Mitsubishi walipotoa Minicab MiEV Japani Desemba 2011, gari la umeme la daraja hilo hilo, hawakuhangaika na buti la mbele. Betri ililazwa chini ya sakafu na nafasi yote ikabaki nyuma, kwa mzigo wa kilo 350. Toleo la mwaka 2023, Minicab EV, lina betri ya uniti 20 na hupimwa kutembea kilomita 180 kwa chaji moja kwa kipimo cha Japani. Kwa mfanyabiashara wa vitunguu saumu anayetaka kutoa mzigo Bashay kuupeleka Mbulu mjini na kurudi jioni, gari la namna hiyo lina maana kuliko gari la familia lenye mabuti mawili.

Buti la mbele linabaki kuwa swali la mwalimu, daktari, mfanyabiashara au ofisa atakayenunua gari moja la umeme liwe la kazi zote. Akienda kulikagua, aende na mkono wa kuinua boneti yeye mwenyewe. Aangalie kama kuna beseni au kuna mabomba na masanduku ya umeme tu. Aulize kikomo cha uzito, kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Atafute tundu la maji chini ya zulia la beseni. Abonyeze mpira wa ukingoni kwa kidole aone kama bado unarudi. Kisha afungue nyuma, apime kwa mkono kama tairi la akiba litaenea, na ahesabu madebe yatakayobaki.

Akikuta Leaf, ajue mapema kwamba waya wa kuchajia utasafiri nyuma pamoja na vitunguu saumu, na kwamba mfuko mzito wa plastiki wenye kufungwa vizuri utamsaidia zaidi kuliko kutamani beseni lisilokuwepo.